Tanaka Shozo na Mto Uliotiwa Sumu

Watu wanaposimulia habari za Japani hawakosi kusifu mapenzi ya wenyeji wake kwa maumbile. Hutaja bustani zao za mawe na maji, miti ya cheri ambayo maua yake hutazamwa na mji mzima kila mwaka, na mahekalu ya dini ya Shinto ambayo miti mikubwa iliyoyazunguka haikatwi, kwa kuwa ni makao ya miungu. Sifa hizo ni za kweli. Lakini nchi hiyo hiyo, katika miaka ya mwisho ya karne ya 19, iliivua milima miti yake, ikautia sumu mto uliolisha vijiji vingi, kisha polisi wake wakawapiga wakulima waliokuja kulalamika. Leo twasimulia maisha ya mtu aliyesimama katikati ya mambo hayo mawili, Tanaka Shozo, ambaye jina lake linajulikana sana nchini mwake hata leo. Tumemchagua kwa sababu wasomaji wa ukurasa huu ni watu wa sare, na katika maisha yake watu wa sare hutokea mara nyingi, aghalabu kwa sura ya kuhuzunisha, na mmoja angalau kwa sura ya heshima.

Alizaliwa 1841 katika kijiji cha Konaka, ambacho sasa ni sehemu ya mji wa Sano, mkoani Tochigi, kaskazini ya Tokyo. Japani ilikuwa ingali chini ya majemadari wa ukoo wa Tokugawa, na kila kijiji kilikuwa na bwana wake. Wazee wake walikuwa wakulima na majumbe wa kijiji. Naye aliushika ujumbe kabla hajatimiza miaka 20. Bwana wao, wa nyumba ya Rokkaku, alitaka fedha zaidi na kuvunja desturi za vijiji. Jumbe kijana akaongoza malalamiko, na 1868, mwaka ule ule utawala wa Tokugawa ulipoanguka, akatiwa katika kizimba ambamo mtu hakuweza kusimama wima wala kulala akanyoosha miguu. Alikaa humo zaidi ya miezi 10. Yasemekana alihofu kuuawa kwa sumu, akaishi kwa kutafuna samaki mkavu aliyeletewa kwa siri na rafiki zake.

Kifungo cha pili kilimkuta kaskazini, alikokwenda kuwa karani mdogo wa serikali mpya. Mkubwa wake aliuawa usiku, naye 1871 akashtakiwa kwa mauaji hayo. Alisota gerezani mpaka 1874, ndipo ikaonekana kuwa hana hatia. Humo ndani alisoma vitabu kwa sauti ili kukishinda kigugumizi chake. Aliporudi kwao alisaidia kuanzisha gazeti la mkoa, 1879. Mwaka uliofuata akachaguliwa katika baraza la mkoa. 1884 akafungwa tena kwa kumpinga gavana Mishima Michitsune, aliyewalazimisha watu kujenga barabara. 1886 akawa spika wa baraza lile. Uchaguzi wa kwanza wa Bunge la Japani ulipofanyika 1890, wakulima wa bonde la mto Watarase walimpeleka Tokyo kuwa mbunge wao.

Yatupasa sasa tuueleze mto wenyewe. Watarase huanzia katika milima ya Ashio, hushuka kupita katika tambarare za mikoa ya Tochigi na Gunma, kisha huungana na mto mkubwa wa Tone. Wakulima wa bonde hilo hawakuuona mto kama mashairi ya mabwana wa mjini yalivyouona. Kwao ulikuwa mshirika wa kazi. Milimani majani yalianguka na kuoza chini ya miti. Baada ya miaka michache mto ulifurika, ukaleta udongo mweusi, na mwaka uliofuata mashamba yakazaa bila mbolea nyingi. Mafuriko yalikuwa hasara kwa msimu mmoja na faida kwa misimu iliyofuata. Kadhalika misitu ya kijiji ilikuwa mali ya wote, nayo ilikuwa na sheria zake juu ya nani aingie, siku gani, akachukue mzigo kiasi gani wa nyasi na majani. Twaona kwamba hapo ndipo ulipokuwa moyo wa Wajapani kwa maumbile, katika hesabu hiyo ya kutoa na kupokea kati ya mlima, mto na shamba, kuliko katika bustani za matajiri. Hesabu hiyo haikuandikwa kitabuni, na kwa hiyo wakubwa wapya wa Tokyo waliokuwa wakijifunza mambo ya Ulaya hawakuisoma.

Shaba ya Ashio ilijulikana tangu 1610, lakini machimbo yalikuwa yamekwisha kuchakaa wakati mfanyabiashara Furukawa Ichibei alipoyanunua 1877. Baada ya miaka michache ilipatikana miamba tajiri mno, zikaletwa mashine na umeme, na Ashio ikawa machimbo makubwa kuliko yote ya shaba nchini. Japani ilikuwa na haja kubwa ya shaba. Ilitumika katika nyaya za simu na maganda ya risasi, nayo ilikuwa miongoni mwa bidhaa kubwa zilizouzwa ng'ambo kuleta fedha za kigeni. Nchi iliyoogopa kumezwa na mataifa ya Magharibi ilitaka jeshi na manowari upesi, na hatuwezi kusema kwamba hofu hiyo haikuwa na msingi.

Gharama ililipwa mlimani na mtoni. Miti ilikatwa kwa ajili ya makaa na nguzo za kushikilia mahandaki ya mgodi. Iliyosalia iliuawa na moshi wa kiberiti uliotoka katika tanuru. Kijiji cha Matsuki, kilichokuwa juu karibu na tanuru, kilipoteza miforosadi yake, kisha nondo wa hariri waliolishwa majani yake, hata watu wake wakahama wote. Mlima ulipokosa mizizi, mvua ilishuka kwa mkupuo mmoja, ikazoa vifusi vya mgodi vilivyojaa shaba na sumu nyingine, ikavitandaza mashambani. Samaki walikuwa wamekwisha kuelea wafu tangu katikati ya miaka ya 1880. Gharika ya 1890 ilipokauka, wakulima waliona kwamba tope lililobaki halikuwa lile la wazee wao. Mpunga ulinyauka, na hata majani hayakuota vizuri.

Desemba 1891 Tanaka alisimama Bungeni akauliza kwa nini serikali haiufungi mgodi ule, ilhali sheria yenyewe ya nchi ilitoa ruhusa ya kusimamisha machimbo yanayodhuru watu. Waziri aliyehusika alikuwa Mutsu Munemitsu, na mwanawe wa pili alikuwa amepangwa kuwa mwana wa kurithi katika nyumba ya Furukawa. Msomaji na apime mwenyewe. Majibu yalikuwa kwamba sababu ya madhara haijathibitishwa na kwamba mwenye mgodi ameagiza vyombo vipya. Kampuni nayo iliwapa wakulima fedha kidogo ili watie sahihi kwamba hawatadai tena. Vita na China vilipozuka 1894, Tanaka alinyamaza kwa ajili ya umoja wa taifa. Kampuni haikunyamaza, bali iliendelea kukusanya sahihi, safari hii za kudumu milele.

Gharika kubwa zaidi ilikuja Septemba 1896, maji yake yakafika hata sehemu za mashariki za Tokyo. Wakulima wakafanya hekalu la Unryuji kuwa makao yao makuu, na Machi 1897 maelfu yao wakatembea kwa miguu kwenda mji mkuu. Hapo twafika kwa yule mtu wa sare tuliyemtaja. Waziri wa kilimo na biashara wakati huo alikuwa Enomoto Takeaki, amirali wa majini, ambaye katika ujana wake alipigana upande wa Tokugawa hadi siku ya mwisho. Enomoto alifanya jambo ambalo hakuna waziri aliyekuwa amelifanya: aliondoka ofisini, akaenda mwenyewe kuyatazama mashamba. Aliporudi hakujitetea kwa ripoti za wataalamu. Tume ya uchunguzi iliundwa, naye akajiuzulu. Mwezi Mei serikali iliamuru kampuni ijenge mabwawa ya kutuamisha tope na mnara wa kupunguza moshi. Kazi ilifanyika kwa haraka, lakini maji machafu yaliendelea kushuka.

Septemba 1898, baada ya gharika nyingine, maelfu waliondoka tena. Tanaka, mgonjwa, aliwakuta njiani nje ya Tokyo. Chama chake kilikuwa kimeingia serikalini, naye aliamini kwamba safari hii sauti yao itasikika. Aliwasihi warudi nyumbani na kuwaacha wajumbe 50 tu, akaahidi kwamba serikali isipotenda haki, yeye atakuwa mbele yao. Wakarudi. Serikali ile ilianguka baada ya wiki chache bila kutenda lolote, na ahadi ile ikamkaa shingoni maisha yake yote. Mwaka uliofuata Bunge lilipojiongezea mshahara kutoka yeni 800 hadi 2,000 kwa mwaka, alikataa kupokea hata ule wa zamani, ingawa hakuwa na fedha nyingine.

Tarehe 13 Februari 1900 ndiyo siku ambayo askari yeyote angefaa kuitafakari. Wakulima walitoka Unryuji alfajiri, maelfu, bila silaha, wakikokota mashua juu ya magari kwa sababu walijua kwamba polisi watawazuia kuvuka mto Tone. Katika kijiji cha Kawamata, karibu na kivuko, polisi mamia kadhaa walikuwa wamejipanga wakingoja. Aliyepata kushika zamu kwenye kizuizi ajua hali ilivyo. Amri imetoka juu, umati unakuja, na baina ya amri na umati kuna dakika chache tu. Pale Kawamata dakika hizo hazikutumiwa kwa mazungumzo. Polisi waliwavamia wakulima, wakawapiga, wakawasukuma katika matope na mitaro. Wengi waliumizwa, zaidi ya 100 walikamatwa, na 51 wakafikishwa mahakamani kwa shtaka la kufanya ghasia. Kesi ilizunguka kutoka mahakama moja hadi nyingine, mpaka Desemba 1902 ilipofutwa kwa sababu hati ya mashtaka haikuandikwa kama sheria ilivyotaka. Hivyo hakuna aliyehukumiwa kwa haki wala kusafishwa kwa haki.

Tanaka hakuwapo Kawamata, alikuwa Bungeni. Siku nne baadaye alitoa hotuba iliyojulikana kuliko zote alizopata kutoa. Aliuliza kama serikali yafahamu kwamba kuua wananchi ni kuiua dola, na kwamba nchi isiyojua kuwa inaangamia imekwisha kuangamia. Waziri Mkuu alikuwa jemadari Yamagata Aritomo, ndiye aliyeliasisi jeshi la kisasa la Japani kwa kuandikisha vijana wa vijijini kwa lazima tangu 1873. Alijibu kwa maandishi kwamba maana ya swali haieleweki, na kwa hiyo hatalijibu. Sisi twaona ajabu. Jeshi lake lilikuwa la watoto wa wakulima. Mashamba yaliyokuwa yakifa ndiyo yaliyolea miguu na mikono ya askari wake.

Mwaka huo huo, Tanaka akihudhuria kesi ya wakulima, alipiga mwayo mkubwa mwendesha mashtaka alipokuwa akisema. Alishtakiwa kwa kumdharau ofisa wa serikali, na 1902 akatumikia kifungo cha siku 40 hivi. Gerezani alisoma Agano Jipya, ambalo hakuliacha tena. Lakini kabla ya kifungo hicho alikuwa amekwisha kufanya jambo lililotikisa nchi.

Oktoba 1901 alijiuzulu ubunge. Alimpelekea mkewe Katsu hati ya talaka, ili adhabu yoyote itakayomfika isimguse. Tarehe 10 Desemba, gari la Kaisari Meiji lilipokuwa likirudi kutoka kufungua Bunge, mzee huyu wa miaka 60 alichomoka katika umati akiwa amevaa nguo nyeusi, arzahali mkononi, akipaza sauti kuomba asikilizwe. Askari mmoja mpanda farasi wa ulinzi alimgeuzia mkuki, lakini farasi akateleza, mtu na mnyama wakaanguka. Tanaka naye akajikwaa akaanguka, na polisi wakamkamata. Gari lilipita. Arzahali ile, iliyoandikwa kwa msaada wa mwandishi wa magazeti Kotoku Shusui, haikumfikia Kaisari. Tanaka alitegemea kufa siku hiyo. Badala yake aliachiliwa jioni ile ile, kwa maelezo kwamba ni mtu aliyerukwa na akili. Kumshtaki kungelazimu kusikiliza maneno yake mahakamani. Hata hivyo magazeti yalichapisha arzahali, na kabla mwaka haujaisha mamia ya wanafunzi wa Tokyo walikwenda kuyaona mashamba kwa macho yao.

Serikali iliunda tume nyingine, nayo ikaligeuza jambo. Tatizo halikuitwa tena sumu, liliitwa mafuriko. Na dawa ya mafuriko ikawa kuchimba bwawa kubwa la kupokea maji mahali mito inapokutana. Mahali hapo palikuwa kijiji cha Yanaka, chenye nyumba yapata 450 na watu 2,700. Tuta lake lililobomoka 1902 liliachwa bila kujengwa tena, ili maji yawafukuze wenyeji. Usiku wa tarehe 10 Desemba 1904 baraza la mkoa lilipitisha fedha za kukinunua kijiji, katika kikao cha siri. Vita na Urusi vilikuwa vikiendelea tangu Februari mwaka huo, na vijana wa Japani walikuwa wakifa kwa maelfu mbele ya Port Arthur. Tanaka alikwisha kuhamia Yanaka mwezi Julai, akaishi humo kama mwanakijiji. Julai 1906 kijiji kilifutwa katika orodha ya serikali. Waziri wa mambo ya ndani tangu Januari mwaka huo alikuwa Hara Takashi, aliyekuwa makamu wa rais wa kampuni ya Furukawa mwaka mmoja nyuma.

Nyumba 16 zilikataa kuondoka. Mwishoni mwa Juni 1907 polisi na vibarua walifika, wakazibomoa moja moja kwa muda wa wiki moja. Hakuna aliyewapiga polisi. Tanaka alikuwa amewausia hivyo. Wenyeji walitoa madhabahu za wazee wao, wakaketi mvuani, kisha wakajenga vibanda vya majani juu ya viwanja vyao na kuendelea kukaa. Kitabu cha kijana Arahata Kanson kilichoeleza mkasa huo kilipigwa marufuku mara tu kilipotoka. Mwaka 1911 baadhi ya familia zilizohamishwa zilipelekwa Hokkaido, penye theluji nzito, kuanza upya katika misitu.

Miaka yake ya mwisho ndiyo inayotuvutia zaidi. Alikuwa karibu na miaka 70, hana nyumba, hana mshahara, amevaa kofia ya majani, naye alianza kusoma mito. Alitembea mto baada ya mto katika tambarare za Kanto, akiwauliza wazee maji yalifika wapi mwaka gani, akitazama alama kwenye kuta, akipima upana wa mito na kuandika. Alifikia uamuzi kwamba wahandisi wamekosea toka mwanzo. Mto, alisema, hausukumwi kwa kuta. Hutunzwa kuanzia mlimani, kwa miti, na huachiwa nafasi ya kupita. Alionyesha kwamba njia ya maji huko Sekiyado ilikuwa imebanwa ili kuikinga Tokyo, na kwamba hiyo ndiyo iliyorudisha maji nyuma mpaka Watarase. Basi kijiji kilikuwa kikizamishwa kwa kosa lililofanywa mahali pengine. Katika kumbukumbu zake za 1912 aliandika kwamba ustaarabu wa kweli hauharibu milima wala mito, hauvunji vijiji, wala hauui watu. Hakujifunza hayo Ulaya. Ni hesabu ile ile ya wakulima wa bonde, ambayo mtu mmoja aliyekwenda shule kidogo aliichukua na kuisema kwa kipimo cha taifa zima.

Alianguka mgonjwa safarini, akalazwa katika nyumba ya mkulima, akafariki tarehe 4 Septemba 1913. Mali yake yote ilikuwa mfuko mmoja. Ndani yake mlikuwa na Agano Jipya, Katiba ya nchi iliyoshonwa pamoja na Injili ya Mathayo, daftari za kumbukumbu, maandishi ambayo hayakukamilika, karatasi za kufutia pua, mwani wa mtoni, na mawe madogo matatu aliyookota kando ya mito. Makumi ya maelfu walikuja kumzika, na mabaki yake yakagawanywa kati ya vijiji kadhaa, kwa kuwa kila kimoja kilimdai.

Mgodi wa Ashio uliendelea hadi 1973. Mwaka uliofuata kampuni ilikubali kuwalipa wakulima wa bonde yeni milioni 1,550. Milima ya Ashio ingali na sehemu zilizo wazi, na wananchi wa kujitolea hupanda miti huko kila mwaka, wakibeba udongo mgongoni. Mahali palipokuwa Yanaka pamekuwa bwawa na matete mengi yenye ndege, ambayo tangu 2012 yamo katika orodha ya kimataifa ya maeneo oevu yanayohifadhiwa. Makaburi ya kijiji yamo humo humo kati ya matete.

Ile arzahali ya 1901 haikupotea. Mwezi Mei 2014 Kaisari Akihito, kitukuu cha Meiji, alifanya safari ya binafsi katika bonde la Watarase pamoja na mkewe. Katika nyumba ya makumbusho ya Sano alionyeshwa karatasi ile, akaitazama. Ilikuwa imechukua zaidi ya miaka 112 kufika.